Viti vya Bustani ya Kibra

“Mabruka, hiyo miche unaimwagilia ya serikali ama ya mbuzi?”

Jirani yake, Zeinabu, alimwuliza hivyo kwa mzaha mvua za mwaka jana. Mabruka Murjan hajalicheka swali hilo mpaka leo.

Swala ya alfajiri imekwisha. Mjane huyu anapita kati ya miche ya mijakaranda na ndoo ya maji, anainama, anasimama, anatazama njia ya mtaa wa Sarang'ombe, anainama tena. Mbuzi wameingia usiku. Miche mingine imebaki vijiti.

Bustani hii ilipandwa na askari wazee wa Kinubi, wenye asili ya Sudan, waliporudi kutoka vitani, marehemu mumewe akiwemo. Baadaye ikaachwa, ikawa kichaka. Mwaka jana, 1949, wakubwa wa mjini walitoa seng'enge ya kuzuia mbuzi na viti vya chuma ili ifufuliwe. Vyote alikabidhiwa mwenyekiti wa kamati ya bustani, Effendi Fadlalla. Mabruka akaandikwa kazi kwa shilingi arobaini kwa mwezi, nazo ndizo zinazolisha wajukuu wake.

“Kila nikiuliza, Effendi anasema seng'enge iko njiani,” anasema. “Njia gani hiyo isiyofika?”

Jibu alilipata harusini. Mwezi uliopita Effendi alimwoza bintiye, na harusi ya Kinubi haina mlango wa kufunga. Kina mama wa mtaa wote huingia hadi uani kupika.

“Nilipewa vitunguu, nikatafuta pa kukaa. Nikaletewa kiti cha chuma. Kugeuka nyuma, seng'enge imerundikwa kama kuni.”

“Effendi alifikiri wapishi hawana macho,” anasema Zeinabu, aliyepita kumsalimia, akicheka peke yake.

Tangu siku hiyo Mabruka halali vizuri. Kesho mkaguzi anakuja kutoka mjini. Mabruka akisema alichokiona, huenda kazi ikaenda. Akinyamaza, miche itakwisha, na lawama ni yake.

“Natamani viti virudi,” anasema. “Wazee wakae kivulini, na mimi nikae kidogo. Mungu akipenda.”

Jua halijapanda sana Effendi anapofika, kofia yake ya tarbushi mkononi. Anaegemea mti mkubwa.

“Dada yangu, kesho utasema wezi walivunja stoo. Basi. Kazi yako iko.”

“Na mbuzi, niseme nini?”

“Mambo ya mbuzi wachana nayo.”

Mabruka anaiweka ndoo chini. “Effendi, virudishe leo, mimi nitanyamaza. Usiporudisha, mkaguzi nitamwambia nilikalia nini nikimenya vitunguu vya harusi ya mtoto wako.”

“Umesahau nani alikuandika kazi?”

“Ni wewe. Na huo mti unaouegemea, aliupanda baba watoto.”

Effendi anauondoa mgongo wake pale. Anaivaa tarbushi, anainyoosha, kisha anatoka kwa upande uleule wanakoingilia mbuzi.