Bibi Alivyofungua Mdomo Mbele ya Moto

Siku ya kwanza kazini, bibi yangu aliambiwa anyamaze. Mimi ni mjukuu wake na damu ni moja, kwa hiyo najua adhabu ile ilikuwa kubwa kiasi gani.

Mkubwa wake wa kwanza alikuwa dada wa mama yake, mfinyanzi. Alimshusha bondeni kuchimba udongo, akampandisha nao mlimani kichwani, akamwonyesha namna ya kuukanda pamoja na vigae vilivyosagwa, ili chungu kisipasuke kikipata moto. Kisha akampa mwiko wa nyumba yao: vyungu vikishawashiwa moto, mfinyanzi hasemi neno mpaka moto ufe. Akisema, vinapasuka.

"Na siafu akiniuma?" Bibi aliuliza.

"Utalia kesho."

Alipoolewa hakuhama, maana kwetu Uluguru mume ndiye humfuata mke. Babu alikuja na jembe lake na maneno mengi. Siku za kuchoma vyungu alikwenda kushinda kwa jirani, asije akajibiwa.

Mkubwa wa pili alikuwa Mama Mkuu wa masista wa misheni. Yeye alitaka mitungi ya kukaa mezani, na ya Bibi ilikuwa ya mviringo chini.

"Mama, hii yako inaanguka!"

"Sista, mafiga hayajawahi kunilalamikia."

Hata hivyo Bibi alijifunza kufinyanga mitungi yenye makalio bapa, na kwa makalio hayo mimi nikapata nafasi shuleni kwao. Wanaosema nimeingia kwa akili hawajanisikia nikisoma.

Mkubwa wa tatu ndiye aliyetunyima raha: Akida, aliyetutawala kwa niaba ya Wadachi wa boma la Morogoro. Aliagiza mitungi kumi mikubwa kwa ajili ya kambi ya wajenzi wa reli. Alimharakisha Bibi, mitungi ikachomwa mibichi, ikapasuka yote.

"Umeifanyia Serikali kiburi," Akida alisema. "Nakupa mpaka Ijumaa. Nisipoipata, utakwenda bomani."

Bibi akaanza upya. Kila saa aliweka shavu kwenye mtungi. Ukiwa baridi, bado una maji ndani. Mawingu yalikaa juu ya mlima kama wageni wasioaga. Hakula vizuri, na mimi nikakosa wa kumtania.

Ijumaa alipanga mitungi, akaifunika kwa kuni na magome, akawasha. Kazi yangu ilikuwa kujibu salamu za wapita njia. Moto ulipokolea, Akida akatokea na askari wawili.

"Hujambo, mama?"

Bibi akainamisha kichwa tu.

"Nakusalimu!"

"Shikamoo, Bwana Akida," nikadakia. "Hasemi mpaka moto ufe. Ni mwiko."

"Hata Serikali ikimsalimu?"

Hapo ilinipasa kunyamaza. "Mtungi hauijui Serikali, bwana. Ukipasuka, umepasuka."

Askari mmoja akacheka. Kicheko chake ndicho kilichoniponza.

"Mkamate huyu," Akida akasema. "Atatwanga nyumbani kwangu mpaka ulimi wake uchoke."

Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Askari akanishika mkono, akaanza kunivuta, na mkono wake haukulegea. Nikamtazama Bibi. Alikuwa na mti wake mrefu wa kuchochea. Aliutazama moto, akanitazama mimi, akautazama moto tena. Bila mitungi ile, bomani angekwenda yeye. Sikuthubutu kumwita.

"Mwache mjukuu wangu," Bibi akasema.

Hata askari alisimama.

"Nimeshasema, Bwana Akida. Sasa ikipasuka nichukue mimi. Huyu utampeleka wapi? Hata kutwanga hajui, nusu anamwaga chini."

Ndani ya moto kitu kikalia, pa! Bibi akafumba macho. Akida akavuta kigoda, akaketi kusubiri, na askari akaniachia. Niliwaomba watakatifu wote niliofundishwa, na mizimu pia, isije ikasema nimeisahau.

Majivu yalipopoa, Bibi akaitoa mitungi mmoja mmoja na kuigonga kwa kidole. Mmoja ukalia vizuri. Wa pili ukalia. Wa kumi nao ukalia. Kilichopasuka kilikuwa kipande cha mwanzi kwenye kuni. Akida akasimama, akaita wapagazi, akaondoka bila kuaga.

Bibi hakufinyanga tena. Mikono ilikuwa na nguvu, lakini alisema mtu akishavunja mwiko asiuchokoze. Kwa miezi kadhaa, kila askari alipoonekana njiani, alinificha nyuma ya ghala, akihofu mitungi imepasukia kambini.

Masika haya ametutoka. Kabla hajafa nilimwuliza kama siku ile, alipofungua mdomo, alijua kwamba mitungi ingepona.

"Nilijua itapasuka yote," akasema.