Koo Zima

Sauti yangu ilikauka siku tuliyomzika mume wangu. Asubuhi nilikuwa nayo, niliwaelekeza kinamama mahali pa kuweka masufuria ya msiba. Jioni mtu ananipa pole, nataka kuitikia, inatoka hewa tu. Watu wakasema ni kwa sababu nimelia sana. Sikuwa nimelia hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Miyuji. Watoto wale hawajui kusoma bado, huwezi kuwaandikia ubaoni "nyamazeni". Mwalimu mkuu alinivumilia, kisha akaniambia kwa upole kwamba likizo ya ugonjwa ikiisha na hali ikiwa ile ile, darasa atapewa mwingine, mimi nitakaa stoo ya vitabu. Nyumbani nilikuwa nimebaki na viti vitupu. Lile darasa ndilo lililokuwa linaniamsha asubuhi.

Nikaenda hospitali. Daktari, kijana mwenye haraka zake, aliniingiza kamera puani mpaka kooni, akatazama, akatabasamu.

"Koo lako zima kabisa, mama. Ni mawazo tu hayo. Punguza mawazo."

Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Kupunguza! Utadhani ni chumvi kwenye mboga. Na kila aliyekuja nyumbani aliimba wimbo huo huo: jirani, mchungaji, hata wifi yangu aliyeniletea tangawizi na asali. Hakuna aliyesema yanapunguzwaje. Nilijaribu lakini, Mungu anajua. Niligeuza kitanda kikatazama ukuta mwingine. Niligawa mashati yake. Nilisimama mbele ya kioo nikatamka "a, e, i" kama ninavyowafundisha watoto wangu. Hewa.

Kisha mpunga ukaiva shambani kwetu Bahi. Tulikuwa tumeupanda pamoja, mimi na yeye, na wifi akapiga simu kusema kwelea kwelea wameanza kushuka. Binti yangu akaomba ruhusa chuoni, akanipeleka. Aliamini utulivu wa shamba utanifungua. Mimi nilienda kwa sababu mpunga ni chakula.

Kwetu kuamia ndege ni kazi ya watu wawili. Kila mmoja anapanda dungu lake, jukwaa la miti lililo juu kuliko mpunga, mmoja mwisho huu wa majaruba na mwenzake mwisho ule. Ukiwafukuza kwako, unampigia mwenzio kelele ajiandae. Miaka yote dungu la magharibi lilikuwa la mume wangu. Mimi nilipanda langu la mashariki; binti yangu alichukua debe la kupiga, akasimama katikati, kwenye tuta. Kupanda dungu la baba yake hakutaka, nami sikumlazimisha.

Kundi lilikuja jua likiwa bado chini, likatua upande wangu. Nikarusha udongo kwa teo. Likainuka lote, likageukia magharibi, nami nikasimama:

"Wanakuja kwako!"

Sauti nzima. Yangu kabisa, ile ile ya zamani, ilivuka shamba lote. Nikatega sikio kama nilivyozoea, nimsikie akijibu, "Waache waje, leo watanikoma!"

Dungu lilikuwa tupu. Ndege walitua chini yake wakaanza kula.

Binti yangu alikuwa anakuja mbio juu ya tuta, analia na kucheka. "Mama! Umeongea! Sema tena, mama, sema chochote!"

Nikafungua mdomo. Nilitaka nimwite tu jina lake, basi. Nilisukuma mpaka shingo ikauma. Haikutoka kitu. Daktari hakunidanganya, koo lilikuwa zima. Lakini lilikuwa na mtu wake wa kumwambia neno, na lilikuwa limeshamwambia. Niliogopa sana pale juu, kwa sababu nilijua sauti haitarudi tena, na nilijua pia kwamba nimechoka kuitafuta.

Binti hakusubiri. Alikuwa ameshatoa simu na kumpigia wifi yangu. "Shangazi, shikamoo! Mama amepona! Nakwambia amepona, nimemsikia mwenyewe!"

Nikampungia mkono kutoka juu ya dungu, asiseme, aache kwanza.

Akanitazama akitabasamu, machozi yakimtiririka. "Huyu hapa, shangazi," akasema. "Anakusalimia."