Karate Yangu, Taekwondo Yake

Nilikutana na mume wangu kwa sababu msimamizi wa ukumbi wa Shauri Moyo alitupa sote wawili saa zilezile za Jumamosi asubuhi. Mimi nilikuwa nafundisha watoto wa mtaa karate. Yeye alikuja na darasa lake la taekwondo kutoka Makongeni. Tulisimama mlangoni na mavazi yetu meupe, kila mmoja akingoja mwenzake aondoke. Mwishowe akasema tugawane sakafu. Watoto walikuwa wameshachoka kusimama, nikakubali.

Siku ile nilitazama upande wake zaidi kuliko wangu. Sisi wa karate tunasimama chini, magoti yamekunjwa, nguvu tunazitoa kiunoni na kuzimalizia kwenye ngumi. Wanafunzi wake walisimama wima, wepesi, na teke likirushwa linafika usoni. Sisi tulihesabu kwa Kijapani, wao kwa Kikorea, sauti zikagongana hadi watoto wakaanza kucheka. Lakini walipofanya zoezi lao la mwanzo, kukinga chini, kugeuka, kupiga ngumi, niliona kitu kama cha kwetu. Nilipomuuliza, alinieleza kwamba Wakorea kadhaa walijifunza karate Japani, wakarudi kwao kufungua shule, na mateke yakazidi kupewa nafasi.

"Ni mabinamu," alisema. "Ila wa kwenu anapenda kukaa chini."

Tukaendelea kugawana ukumbi. Kisha akaumia goti kwenye mashindano, daktari akamkataza kurusha mateke, naye akaacha kuja. Nilimfuata kwao Makongeni, nikamkuta ameketi nje ya mlango, mguu juu ya stuli, hana hamu ya maongezi. Nikamwambia mikono yake haijaumia. Tukaanzia palepale, yeye akiwa kitini: ngumi, kinga, pumzi. Alikuwa mzito wa mikono kama mtu anayejifunza kuandika. Jioni moja aliishika ngumi yangu kuirekebisha, ingawa mwalimu nilikuwa mimi, na hakuiachilia.

Nilipompeleka kwetu, mama alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaomba juu ya chakula, kisha akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Sasa mkikosana ndani ya nyumba," akauliza, "nani atawaamua?"

Mgeni wangu akamjibu kwa adabu kwamba goti lake lilishaamua. Mama alicheka hadi akaweka sahani chini, nami nikajua amekubaliwa.

Siku hizi tunaishi Komarock. Anafundisha tena, ingawa teke lake halifiki juu kama zamani. Langu ndilo linalofika, alinifundisha yeye. Binti yetu hataki karate wala taekwondo, amependa mpira wa kikapu, na sisi huenda kumshangilia bila kuelewa sheria zake vizuri. Baridi ya Julai ikiingia, goti humsumbua baba yake. Mimi hulikanda kwa kitambaa cha maji moto, naye hunisimulia darasa lilivyokwenda.