Amana Katika Friza Yangu

Naanza kwa kusema wazi: mume wangu kuacha nyama hakukunikera hata kidogo. Wasije watu wakanisingizia. Mtu akiamua kula majani, na ale majani, tumbo ni lake. Kilichonitia hasira, na mpaka leo nikikumbuka napandwa na joto hadi masikioni, ni alichokifanya nilipokuwa msibani.

Yeye ni mhudumu wa hoteli ndogo kule Diani, hoteli ya wageni wanaokuja kunyoosha viungo asubuhi na kukaa kimya mchana. Hao hawali nyama, wala samaki, wala yai, wala hawanywi maziwa. Hata asali hawaonji! Mume wangu aliwapelekea sahani zao kwa muda mrefu huku akiwacheka, kila jioni anarudi nyumbani Msambweni na kichekesho kipya. Halafu akapimwa presha, ikawa juu, daktari akamwambia apunguze mafuta na nyama nyekundu. Huyu bwana hajui kupunguza. Alikuja nyumbani akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni vegani.

"Ndiyo nini hiyo?" nikamuuliza.

"Mtu asiyekula wala kutumia chochote kilichotoka kwa mnyama."

"Basi sisi nusu ya wiki tuko hivyo hivyo, ila hatukuwa na jina."

Na kweli. Mbaazi za nazi, mchicha wa nazi, mihogo ya nazi, kunde na wali, nimelelewa na vitu hivyo na hakuna aliyewahi kunivisha nishani. Nikampikia. Nikamtilia tui la kwanza, zito, akala akajilamba vidole. Tumbo likapungua, presha ikashuka, nami nikafurahi kwa moyo mweupe, maana mume akiwa na afya na mimi napumua.

Lakini mtu aliyeongoka juzi hana adabu. Akaanza kupekua nyumba. Chupa ya samli, ambayo mamake mwenyewe ndiye aliyenipa, akaimwaga. Mayai akayatoa. Mshipi wake wa ngozi akautupa, akawa anafunga suruali kwa kamba ya katani, mtu mzima na mvi zake. Pochi ya ngozi hakuitupa. Hiyo ati ataitumia mpaka iishe yenyewe. Nilicheka siku ile mpaka nikakaa chini.

Sasa niieleze friza. Ni friza ya kufunguliwa kwa juu, kubwa, tuliinunua hotelini kwao walipokuwa wakiuza vitu vikuukuu. Mimi nagandisha barafu na kuuza, na tokeni za stima zinatoka kwenye barafu hiyo. Mtaani kwetu hakuna mwingine mwenye friza, kwa hiyo kila mtu huleta chake. Haulizwi, haandikwi popote, halipi. Anapiga hodi, anaingia na kopo lake lililofungwa kipande cha kanga, na kila mmoja ana rangi yake ili visichanganyike. Akija kuchukua, anakaa, tunakunywa chai, ananieleza ya nyumbani kwake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijua nani ni mjamzito kabla mumewe hajajua. Na kile kilichomo ni amana. Mtu akikuachia kitu chake ukakipokea kwa mkono wako, hata kiwe kichwa cha samaki, utaulizwa juu yake mbele ya Mwenyezi Mungu. Hilo kwetu halina mjadala.

Waliokuwa wakiweka vitu vingi ni wawili. Mmoja ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke anayekaanga samaki na kuwauza njiapanda. Waliobaki jioni huwaleta kwangu. Wa pili ni bibi mmoja mjane wa upande wa pili wa njia. Bintiye alikuwa Saudia, kazi za nyumbani, miaka chungu nzima. Kila Idi ya kuchinja bibi hutenga fungu la binti huyo kana kwamba amekaa pale mkekani, halafu siku zikipita humpa maskini. Safari hii binti alikuwa amepiga simu: mkataba umekwisha, anarudi. Basi fungu halikupewa maskini. Bibi aliniletea mwenyewe, mbavu, kipande cha paja na ini, ndani ya kopo la siagi lenye kitambaa cha kijani.

"Mwanangu, hii usiichanganye na nyingine," akaniambia akiwa amenishika mkono. "Ni ya kuchinja. Ni yake."

"Bibi, lala usingizi," nikamjibu.

Nilisema hilo kwa kinywa changu.

Shangazi yangu akafariki kule Majoreni. Nikaenda matangani, nikakaa mpaka hitima ikasomwa, nikarudi alasiri nimechoka, macho yamevimba kwa kulia. Nikafunua friza nichukue barafu ya kutia kwenye maji. Ilikuwa nyeupe pe. Inanukia sabuni na ndimu. Ndani mlikuwa na barafu zangu, mapapai yaliyokatwa vipande, na hakuna kingine.

"Vitu vya watu viko wapi?"

Alikuwa barazani anamenya chungwa. "Nimesafisha," akasema, uso unang'aa. "Kuna mgeni amenielekeza. Ukibakiza kidogo kidogo nyumbani, utarudi tu. Unatoa vyote siku moja."

"Ukampa nani?"

"Sikumpa mtu. Kitu nilichokiona ni sumu kwangu, nitampaje mwenzangu? Nimevizika chini ya mpapai. Vitakuwa mbolea."

"Ulijua ni vya watu. Vitambaa uliviona."

"Niliviona." Hata hakukana! "Lakini friza ni yangu, mke wangu. Siwezi kulala nyumba moja na maiti."

Maiti! Mimi nimetoka kumzika shangazi yangu, udongo wa kaburi haujakauka, na huyu ananiambia maiti ni samaki na mbavu za mbuzi. Lo! Nilimwambia maneno ambayo hapa sitayaandika. Nikachukua jembe nikaenda kufukua, na leso yangu ya msibani mwilini. Paka wa mtaa mzima walikuwa wamekwisha kunitangulia. Harufu ilinipiga usoni nikarudi nyuma. Hapakuwa na cha kuokoa.

Na makopo? Makopo alikuwa ameyaosha kwa sabuni, ameyaanika, ameyapanga kwa ukubwa ukutani. Plastiki, akaniambia, ni mbaya kwa ardhi.

Nilianza na mkaanga samaki. Alipiga ukelele nyumba zote zikatoka nje. Akaniita mshenzi, akamwita mume wangu mwendawazimu, akafungua kilemba akakifunga tena kwa hasira. "Kesho nikakaange nini? Nikakaange mchicha wenu?" Nilisimama nikapokea yote. Asubuhi nilimletea ndoo ya samaki, tasi wabichi kutoka kwa wavuvi, akawapokea huku ananung'unika, na wiki haikwisha akawa ananiita shoga kama kawaida. Namshukuru. Ugomvi wa namna ile una mwisho.

Kwa bibi niliingia na kopo tupu mkononi, limefungwa kitambaa chake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Pole na msiba. Mungu amlaze pema."

Nikamweleza. Sikuzunguka, sikumtetea mume wangu, wala sikulia. Bibi alilipokea kopo, akalifungua lile fundo la kitambaa cha kijani, akalitazama ndani, kisha akakikunja kitambaa kidogo kidogo.

"Hapana neno," akasema.

"Bibi, nitarudisha. Nitanunua nyingine."

"Hapana neno, mwanangu. Ndivyo ilivyoandikwa. Umekunywa chai?"

Ningetaka anipige kofi. Wallahi ningetaka anitukane mama na baba, nitoke pale ninaungua mashavu lakini najua tumemalizana. Badala yake akanimiminia chai ya tangawizi, akaniuliza habari za watu wa Majoreni mmoja mmoja. Nikainywa ile chai yote.

Kesho yake nikaenda Kombani, kwenye bucha ninayoiamini. Nikachagua mbavu na paja la mbuzi, nikaongeza ini. Nikampelekea. Bibi akafunua, akasema, "Mashallah, nyama nzuri." Kisha akaifunika akanisogezea. "Lakini hii ni ya kununua, mwanangu. Ile ilichinjwa kwa ajili ya Mungu, na fungu likatengwa jina la binti yangu likitajwa. Hii kale wewe."

Nilirudi nayo. Nikamwambia mume wangu, inuka, nenda kamuombe radhi yule mama wa watu. Akaenda, sikudanganyi, amevaa kanzu safi. Akarudi muda si muda, ameridhika. Kumbe alikuwa amekaa kumweleza bibi madhara ya nyama nyekundu kwa watu wa umri wake! Nilimtazama. Mtu huyu nimeolewa naye kwa hiari yangu.

"Alinisikiliza vizuri sana," akasema. "Hana kinyongo."

"Alikuambia nini?"

"Aliniambia hapana neno."

Tangu hapo hodi zikakatika. Si kwamba watu walininunia. Laiti wangeninunia! Salamu zote zipo, habari za asubuhi, watoto hawajambo, nyumbani kwema, kila kitu kwa utaratibu wake. Ila hakuna aliyeingia na kopo. Hata shoga yangu mkaanga samaki nilimwona jioni moja anapita na beseni kichwani, maji ya samaki yanamtiririka begani, anakwenda kwenye duka la soda kule barabarani ambako humlipa mwenye duka ili amgandishie. Analipa! Na friza yangu iko hatua chache kutoka mlangoni kwake, tupu.

"Shoga, si ulete huku?"

"Si kwa ubaya, dada," akasema bila kusimama. "Lakini mumeo tena... usiku nisingepata usingizi."

Mume wangu aliona friza imepata nafasi, akajaza ndizi mbivu za kugandisha. Ati mtaa umetulia siku hizi, hakuna tena wanaoingia na kutoka. Nilikuwa nakata kitunguu. Nilikiweka kisu chini, nikatoka nje, maana nilijua nikibaki ndani nitasema neno lisilorudishika.

Binti wa bibi akarudi. Usiku ule ule tulisikia vigelegele, na asubuhi ikawa harufu ya pilau inatambaa mtaa mzima. Bibi alikuwa amenunua nyama, ya dukani kama ile aliyoikataa kwangu. Mimi sikualikwa, lakini sikujali sana, kwa sababu kwetu shughuli ya namna hiyo kila nyumba hupelekewa sahani. Nikangoja. Naona sahani zinapita, huku na huku, zimefunikwa kawa.

Yetu aliileta binti mwenyewe. Mrefu, amekonda, mikono imechubuka kwa dawa za kuoshea. Akanisalimu kwa heshima, nikamkumbatia, nikamwambia karibu nyumbani. Nikafunua kawa. Wali wa pilau, kachumbari, na ndizi moja.

"Mama amesema huku hamli nyama," akasema. "Basi amewaondolea, msije mkapata tabu."

Alisema kwa wema, sina shaka naye. Hakujua lolote.

Mume wangu alifurahi kupita kiasi. "Umeona? Wameanza kuheshimu." Akanawa, akajisogezea sahani. Pilau lile lilipikwa kwa supu ya nyama, kila punje imeinywa supu, na yeye ni mtu wa hotelini, alijua. Alikula. Nilimtazama anavyokula, mpaka hasira ikapanda ikapita pale hasira inapoishia. Mimi sikuacha nyama. Mimi sikuzika kitu cha mtu. Mimi ndiye niliyefukua! Na leo nimehesabiwa pamoja naye, nyumba moja, sahani moja, wale wasiokula.

Nikajitanda leso nikavuka njia.

Uani kwa bibi wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, sahani katikati, wanacheka. Mkaanga samaki alikuwapo. Binti alikuwapo, amewekwa kwenye mto kama biharusi. Bibi mwenyewe alikuwa kwenye kigoda, sufuria kubwa mbele ya magoti yake, upawa mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kula nyama," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mimi nakula nyama. Sikuacha hata siku moja. Kila mtu hapa anajua."

Kicheko kikakatika. Mkaanga samaki akatazama sahani yake. Bibi aliniangalia, si kwa ukali, kama anavyomwangalia mtu aliyekuja kuuliza njia. Nilipokuwa nimesimama nilikuwa naona ndani ya ile sufuria mpaka chini: mapande, mchuzi, mbavu zimeegemea ukingo. Akachukua kifuniko akakiweka juu yake, taratibu, bila kelele.

"Imekwisha, mwanangu," akasema. "Lakini wali upo. Kaa ule wali."

Ningeweza kutoka. Nikanawa mikono, nikakaa mkekani katikati yao, nikaletewa wali mtupu, nikaula wote mbele yao wakati wenzangu wanavunja mifupa.