Stelingi Amenipokonya AC

Wadau, leo nimefukuzwa kitandani na Mtaliano.

Nisikizeni kwanza kabla mcheke.

Mtoto wa kafili wangu, tajiri wa Kiarabu aliyenileta huku kazini, alinipa CD ya filamu ya zamani ya Italia, ya muuaji wa glavu nyeusi. Imesafishwa upya hadi unaona jasho puani.

Chumbani kwetu hapa Al-Mahjar DJ wa kutafsiri filamu ni mimi. Kiitaliano sijui, lakini natafsiri bila aibu.

Nikatangaza: "Huyu wa koti jeupe, mwenye kovu kidevuni, ndiye stelingi. Atamnasa muuaji. Nikikosea, Otieno achukue kitanda changu cha chini ya AC!"

Otieno, dereva mwenzangu, akasema, "Mmemsikia wote."

Mwishoni muuaji akavua kofia na miwani.

Ni yule yule wa koti jeupe!

"Huyo ni pacha wake," nikatafsiri haraka.

Otieno akasimamisha picha, akaenda akagusa kidevu cha jamaa kwenye TV. "Na hili kovu pia lina pacha? Yalla, hama!"

Zile kanda zetu za nyumbani zilikuwa na chenga, kovu lisingeonekana, ningebisha hadi kesho. Hii wameisafisha mno.

Sasa nalala mlangoni, jasho tu. Semeni ukweli: tangu lini stelingi akawa muuaji?