Mlinzi wa Benki ya Wataliano

Nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita na ua mmoja, na mama yangu ndiye aliyekuwa sinema ya nyumba nzima. Wanawake walimchangia tiketi, akaenda kutazama picha mjini, na akirudi aliwahadithia huku wakichagua mchele. Sharti lao lilikuwa moja: asitie chumvi. Na hakutia. Nasema bila haya, sijasikia mwingine wa kumfikia.

Safari hiyo ilikuwa picha ya Wataliano wanaovunja benki. Baba alikuwa mlinzi wa benki pale Posta, basi wakaenda wote wawili. Benki zilikuwa zimeshafanywa mali ya umma, naye alizizungumzia kama zote ni zake. Lakini siku ile alirudi amenuna, akaingia chumbani bila kugusa chakula.

Fundi cherehani wa chumba cha mbele, mtu wa masihara, alikuwa ameshaipata habari mitaani: katika picha ile mlinzi anakufa mwanzoni kabisa, na ukumbi mzima hucheka.

"Shemeji, anza na mlinzi," akasema kwa sauti ya kufika chumbani. "Tuione kazi ya kaka yetu."

Nilitamani kumrushia ungo. Mama angeweza kumpitia mlinzi yule juu juu tu, lakini baba angejua kuwa amehurumiwa, na hilo lingemuuma kuliko kicheko.

Akaanza naye. Kiitaliano hakukijua, alisoma nyuso. Akatueleza mzee yule alivyofuta viatu kwa leso kabla ya kufungua mlango, na alivyomshika mkono bibi mmoja kwenye ngazi. Bunduki zilipotolewa, makarani wote walilala chini. Yeye alimsukuma yule bibi nyuma ya mlango, akasimama mbele yake. Wakampiga risasi. Bibi akapona.

"Hapo ndipo watu walipocheka," mama akasema, "maana kofia yake ilibingirika mpaka barabarani. Walikuwa wanaangalia kofia."

Nyungo zikatulia. Akaendelea na wezi, magari yao, ugomvi wao, lakini kila alipopumua mtu aliuliza: yule mlinzi alizikwa na nani?

"Hawakuonyesha. Walizifuata hela."

"Lakini shemeji," fundi akasema, sauti imeshuka, "steringi si yule mkuu wa wezi? Steringi huwa hafi."

"Wa picha hii alikufa mwanzoni."

Mlango wa chumba chetu ukafunguka, baba akatoka kuuliza chakula chake kiko wapi. Nilijivunia wazazi wangu wote wawili. Fundi akasogea kumpisha kwenye mkeka.

"Kaka, kesho kabla hujaenda kazini niletee hilo koti lako la ulinzi, nilipige pasi."

"Mimi natoka alfajiri."

"Nitaamka," fundi akasema.