Nilimsingizia Mama Jicho Langu

Mimi ni mwongo. Nianze hapo hapo, maana nimechoka kusikia mama yangu akisemwa kwa kosa ambalo ni langu.

Mwaka uliofuata mafuriko ya Elinino nilikuwa karani hapa Garsen. Macho yangu hayakuwa mabovu. Mbali kulikuwa na ukungu kidogo na herufi zilivutika ubavuni, basi. Nikivaa miwani niliona vizuri tu. Lakini siku za mnada wa ng'ombe vijana wenzangu walinikera! "Hebu vua hizo chupa utuambie yule fahali ni wa nani!" Kwetu Waorma, mwanamume asiyemtambua ng'ombe kwa mbali ni kichekesho. Nikawachukia wao, nikaichukia na miwani.

Nikauza mafahali wangu, nikaenda Nairobi kunyooshwa macho kwa mionzi ya leza. Daktari akaniambia wazi, "Namba yako ya miwani ni ndogo, miwani inakutosha." Nikakaza shingo. Akauliza kama ninaishi kwenye vumbi. Nikasema hapana, nakaa mjini. Garsen na vumbi lake lote, eti mjini! Akanipa dawa ya matone, akaonya nisitie kitu kingine chochote jichoni, nisisugue, na nisiondoke Nairobi kabla hajanitazama tena.

Nikapanda basi nirudi kuringa mnadani. Na niliringa kweli! Nilitaja ng'ombe wa watu, rangi na alama za masikio, mpaka wale wachekaji wakafunga midomo.

Haikupita wiki, jicho la kulia likaanza kuwaka moto. Kumrudia daktari niliona aibu, kwa uongo ule. Nikaenda kwa mama. Yeye ndiye aliyeletewa watoto wenye macho mekundu, akawadondoshea jichoni maziwa mabichi ya ng'ombe, kama wanavyofanya akina mama wengi kwetu.

"Hapana," akasema. "Maziwa yangu ni dawa ya vumbi. Jicho lililoguswa na daktari silijui mimi. Rudi kwake, mwanangu."

Nikamfokea! Mama yangu mzazi! Nikamwambia watoto wa watu anawatibu, wa tumbo lake anamfukuza. Nikachukua kibuyu chake cha maziwa, nikajimiminia jichoni mwenyewe.

Jicho likatunga usaha. Hospitalini waliliokoa lisitolewe, lakini halioni tena. Kovu jeupe limekaa katikati ya mboni. Watu walipouliza, unajua nilisema nini? "Ni maziwa ya mama." Baba akamgombeza mbele ya ndugu. Mama akanigeukia, akangoja niseme. Nikainama nikafunga viatu.

Wanawake wakaacha kumletea watoto. Mmoja alimvuta mwanawe pale mama alipomnyooshea mkono. Na mimi nilikuwepo, nikimeza chai!

Juzi mke wangu alimwomba amwoshe mwanetu uso. Mama akarudi nyuma. "Mwoshe wewe," akasema. "Mikono yangu hii ilimharibu baba yake."

Mnasikia? Siku ile alijua kabisa kwamba alikataa. Leo hajui tena. Nilimwambia, "Mama, ni mimi nilijitia," naye akanipapasa bega, eti nina huruma ya kumfichia kosa lake.

Wewe mwenye miwani, ivae, wakucheke mpaka wachoke. Daktari akikuuliza, mwambie kweli. Na ukijiharibu, sema siku hiyo hiyo kwamba ni wewe. Mimi nilichelewa, na sasa mama yangu haniamini.